Kamishna na Dirisha la Misamaha

Ukiliacha soko la Darajani ukashika njia ya Mlandege, nyuma ya maduka ya vyuma kuna uchochoro, na katika uchochoro huo kuna baraza la saruji lililong'aa kwa kukaliwa na watu wasio na haraka. Ng'ambo ya pili, mkabala nalo, ni ukuta wa ofisi ya kodi, na kwenye ukuta huo kuna dirisha la nondo lenye kibao kilichoandikwa MISAMAHA. Baina ya baraza na dirisha, baiskeli mbili zikikutana, moja lazima irudi nyuma. Asubuhi ya Ijumaa moja Ayoub alifika uchochoroni kanzu imepigwa pasi, na kazi aliyopewa ilikuwa moja. Binti yake, Faiza, amefungua skuli ndogo ya chekechea kule Amani, na watoto bado wanakaa mkekani. Wakaguzi wamemwambia, Jumatatu tukija tukute viti, tusipokuta tunafunga. Viti amevipata kwa Nadir, mwenye duka la samani hapo hapo Mlandege, lakini kodi ikiongezwa juu ya bei vinamshinda, naye amesikia kwamba skuli za binafsi husamehewa. Nadir ameahidi kumwekea mpaka sala ya Ijumaa. Baada ya hapo anavitoa kwa hoteli. Faiza hana wa kumwachia watoto, basi akamtuma babaake: "Baba, dirisha liko mbele ya baraza lenu. Vuka tu, uulize kama viti vinasamehewa na mimi nifanye nini." Ayoub akasema, "Niachie mimi." Akafika uchochoroni. Dirisha lilikuwa mkono wa kulia, baraza mkono wa kushoto, naye akenda kushoto.

Usimlaumu upesi. Hapo barazani Ayoub haitwi Ayoub, anaitwa Kamishna. Zamani aliwahi kusema kwamba sukari itapandishwa kodi, na wiki ile ile ikapanda. Alikuwa amebahatisha tu, maana siku hiyo aliudhika na chai isiyo tamu, lakini baraza likamvisha cheo na yeye hakukivua. Sasa Kamishna atasimamaje dirishani kuuliza, na watu waliompa ukamishna wamekaa wanamtazama mgongo?

— Assalaam alaykum, wazee.

— Waalaykum ssalaam, Kamishna! Leo pasi imepita mpaka kwenye ukosi. Unakwenda kuposa?

Huyo ni Suhail. Jina lake la hapo ni Redio Mbao, kwa kuwa habari yoyote isiyo na mwenyewe yeye huichukua akailea. Aliyekaa pembeni yake ni mzee Simai, anayeitwa Wakili. Simai alifagia mahakama mpaka akastaafu, na sheria anayoijua ni ile aliyoikuta sakafuni. Mbele yao alichutama Ahmada, muuza kahawa, na dele lake la shaba juu ya makaa.

Ayoub aliazimia kunywa kikombe kimoja, kisha avuke.

— Kuna mtu mmoja, alisema, macho kikombeni. Simtaji jina. Ana skuli yake ya binafsi, anataka kununua viti. Watu wanasema skuli zimesamehewa kodi. Nataka nione nyinyi mnalielewaje jambo hili. Jibu mimi ninalo.

Jibu alikuwa hana.

— Zimesamehewa zote! Suhail akadakia. Nlisikia jana mnadani, kwenye samaki. Viti, meza, chaki, mpaka sabuni anayokogea mwalimu mkuu.

— Kasema nani? akauliza Simai.

— Mtu.

— Mtu gani?

— Mtu wa samaki, lakini alikuwa anasema kama mtu wa serikali.

— Ndiyo maana wakasema, samaki mkunje angali mbichi, alisema Simai, akatikisa kichwa kwa uchungu, na hakuna aliyejua methali hiyo imeingiaje. Yakhe, sheria haiendi jumla jumla. Sheria inabagua. Meza ni elimu, kwa sababu unaandikia. Kiti ni starehe, kwa sababu unakalia. Elimu inasamehewa, starehe inalipiwa. Nlisikia kwa masikio yangu mawili.

— Wapi?

— Mahakamani. Mlango ulikuwa wazi.

— Kesi ya kodi?

— Kesi ya talaka. Lakini viti vilitajwa.

Ayoub alijua fika kwamba Simai hajui kitu, lakini mtu akishikwa na shida huogopa hata maneno ya asiyejua. Ikiwa kiti ni starehe, Faiza kaangamia.

— Sasa huyo mtu afanyeje, Wakili?

— Anunue meza peke yake. Watoto wakalie meza.

— Na wataandikia wapi?

— Magotini. Sisi tulisomea magotini, tumepungukiwa na nini?

Ahmada aliwatazama mmoja mmoja, akaonekana kama mtu anayeanza kuhesabu, kisha akaona bora amimine kahawa.

— Mie nna njia iliyo bora kuliko hiyo, alisema Suhail. Kitu kilichosamehewa kuliko vyote ni kitabu. Hilo halina ubishi. Basi huyo mtu wako, Kamishna, anunue vitabu, avipange vitano vitano, kila mtoto akalie fungu lake.

— Mtoto akalie elimu? Astaghfirullah!

— Vya hesabu tu. Tena itamwingia kwa chini. Haba na haba hujaza kibaba.

Walicheka, na Ayoub akacheka nao, na katikati ya kicheko akatupa jicho ng'ambo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama dirishani. Aliuliza jambo, akajibiwa, akaondoka, na kahawa ya Ayoub ilikuwa bado inatoa moshi. Moyo wake ukamwambia, vuka, wewe mzee, vuka sasa hivi. Akateremsha mguu, akautia kwenye kiatu.

— Wapi tena, Kamishna?

— Nnanyoosha mguu tu. Umekufa ganzi.

Akaupandisha. Ahmada akamjazia kikombe cha pili bila ya kuulizwa, na simu ikalia ndani ya mfuko wa kanzu.

— Naam, mwanangu.

— Baba, wamesemaje? sauti ya Faiza ilisikika mpaka kwa Ahmada, maana simu ya Ayoub ni ya zamani, haina siri. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba herufi kwa vurugu.

— Limo mkononi. Nipo na wataalamu hapa.

— Nadir kanipigia. Anasema hoteli ishatuma gari.

— Usihangaike. Haraka haraka haina baraka.

— Baba, leo Ijumaa.

— Nnaijua Ijumaa. Nlianza kuisali kabla hujazaliwa.

Akakata simu, akaona haya. Faiza aliacha kazi ya watu akafungua skuli ile, na aliyemwambia fungua, usiogope, mimi nipo, alikuwa yeye Ayoub. Sasa mtoto anamtegemea kwa jambo la kuvuka uchochoro, na yeye anamletea methali.

— Nani huyo? akauliza Suhail.

— Ndiye yule mtu.

— Yule mtu anakwita Baba?

— Ananiheshimu.

Suhail akafungua mdomo achimbe zaidi, lakini Ahmada akamwahi. Ahmada si mtu wa maneno mengi, na ndiyo maana akisema barazani pale husikilizwa kwa muda.

— Wazee, nami niulize langu. Kama skuli imesamehewa, ni skuli yoyote?

— Yoyote ya binafsi, alisema Suhail.

— Na skuli ni nini khasa?

— Skuli ni mahali watu wanapokaa wakafunzwa, akajibu Simai kwa sauti ya mahakamani.

— Basi hapa napo? Mie tangu nianze kuuza kahawa hapa, kila siku nnafunzwa. Sijui kama ni kweli ninayofunzwa, lakini nnafunzwa.

Baraza likapata kichaa.

— Wallahi kasema! akajipiga gotini Suhail. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu unapita wapi? Unapita hapa. Kwa hiyo hii ni skuli, tena ya binafsi, kwa sababu serikali haijatupa hata senti.

— Ina walimu watatu, alisema Simai.

— Wanafunzi je?

— Hao hao watatu. Ndio skuli za kisasa, mwalimu haachi kusoma.

— Basi kahawa ya Ahmada ni kifaa cha kufundishia! Isamehewe!

— Na kashata?

— Kashata ni lishe ya wanafunzi. Isamehewe.

— Na mkaa?

— Maabara, alisema Simai, bila ya kutabasamu.

Wakaigawa skuli papo hapo. Simai akajipa ualimu mkuu kwa sababu ya mvi, Suhail akachukua somo la habari na jiografia, Ahmada akawa mhasibu, na ikabaki nafasi ya mwenyekiti wa bodi, ambayo kwa kauli moja alipewa Kamishna. Sare itakuwa kanzu yenye doa la kahawa, na hakuna aliyehitaji kushonesha mpya. Likazuka suala la mitihani. Suhail akakumbusha kwamba wao wote wamo darasa moja tangu ujana wao na hakuna aliyepanda.

— Mie nshakariri mpaka nimesahau nnakariri nini, alisema Simai, safari hii kwa ukweli kidogo, akatazama vidole vyake vya miguu.

— Ndiyo maana tunahitaji msamaha, alisema Suhail. Si wa kodi tu.

Walicheka mpaka Suhail akapaliwa, na Ayoub alicheka kuliko wote. Kwa muda ule alikuwa amesahau viti, amesahau hoteli, amesahau na Jumatatu. Huo ndio utamu wa baraza, na ndio uliowamaliza watu wengi wazuri. Kisha Simai akainua kidole.

— Bodi haijasema. Kamishna, sisi tumetoa rai zetu, sasa toa hukumu. Viti vya skuli ya yule mtu, vina kodi au havina?

Wote wakamgeukia, hata Ahmada akaliweka dele chini. Ayoub angeweza kusema hajui. Neno lenyewe jepesi, herufi tano tu, lakini kwa kumbukumbu ya mtu yeyote halijawahi kutamkwa juu ya saruji ile. Akajikohoza, akarekebisha kofia.

— Nyinyi mmepapasa, alianza polepole, kwa kuwa alikuwa bado hajui anakwenda wapi. Mmepapasa, lakini hamkushika. Nakuulizeni. Kodi ni nini? Kodi ni wajibu. Sawa?

— Sawa.

— Na wajibu unamshika nani? Mtoto mdogo ana wajibu wa kufunga?

— Hana.

— Kwa nini?

— Hajabaleghe.

— Ahsante! Ayoub sasa alikuwa ameiona njia. Basi vitazameni viti vya chekechea. Virefu?

— Vifupi.

— Vinafika hapa tu, kwenye ugoko. Viti hivyo bado watoto! Kiti kirefu, cha mtu mzima, kimebaleghe, kilipe kodi yake. Kiti cha chekechea hakijabaleghe, na kisichobaleghe hakina wajibu. Hakidaiwi. Ikipimwa miguu yake ikawa chini ya goti, hapana mtu wa kukigusa.

Suhail akajipima ugoko kwa kiganja.

— Kamishna, alisema Simai, macho yamemlowa, hilo hata jaji hakulijua.

— Ndiye huyu huyu wa sukari! Suhail akapiga makofi. Nlisema mimi! Nguo ya kuazima haisitiri matako!

Sifa ni kitu kibaya sana tumboni mwa mtu aliyekunywa vikombe vitatu bila ya kula. Ayoub aliisikia hukumu yake ikimrudia masikioni, na kila ikirudi ilizidi kuwa kweli. Mbona ina mantiki? Mbona haina kasoro? Akatoa simu mfukoni. Angempigia Faiza amwambie achukue futi, apime miguu ya viti, amwambie Nadir kwamba sheria ndivyo ilivyo. Kidole kilikuwa juu ya jina lake ndipo dirisha la ng'ambo likasukumwa likafunguka wazi.

— Assalaam alaykum, wazee wangu.

— Waalaykum ssalaam, wakaitikia, sauti zimeshuka.

Alikuwa Bi Ummukulthum, mwenye dirisha la misamaha, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Hakuhitaji kupaza sauti. Kwa upana wa uchochoro ule, angeweza kuwapokea kikombe.

— Niwieni radhi nnawakata. Hili la kiti kubaleghe, limo katika sheria gani? Nimekaa dirishani hapa miaka, sijaliona.

Simai alimtazama Suhail, Suhail akamtazama Kamishna.

— Mie nawasikia tangu asubuhi, aliendelea Bi Ummukulthum. Mlipofika kwenye kukalia vitabu vya hesabu nlitaka kufunga dirisha nifanye kazi, nikashindwa. Lakini nasikia na jambo la kweli ndani yake. Hapo kwenu, kuna mwenye skuli?

Ahmada aliinamisha dele. Likatoa tone moja, kisha likatoa sauti tupu.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Basi kama hayupo, nafunga. Leo Ijumaa, tunatoka mapema.

Akashika bawa la dirisha, na Ayoub akaona viti vyote vinapakiwa kwenye gari la hoteli, kimoja kimoja, miguu juu. Aliona na mlango wa skuli ya Amani una kufuli.

— Bibi, usifunge.

— Naam?

— Ni mimi. Yaani, si mimi, ni mwanangu. Faiza.

— Ala! Suhail akaruka. Yule mtu ni Faiza? Faiza wetu huyu tuliyemwona akizaliwa? Na wewe umetuacha tumkalishe watoto juu ya meza?

Ayoub alikuwa amekwishasimama, kiatu kimoja mguuni na kimoja barazani, na hatua chache tu zikamfikisha kwenye nondo.

— Hebu tulitazame, alisema Bi Ummukulthum kwa upole. Skuli ishasajiliwa?

— Sijui.

— Kwa jina lake au la kampuni?

— Sijui.

— Vile viti keshavilipia, au bado?

— Hilo nalo... sijui khasa.

Barazani mtu alikohoa. Bi Ummukulthum alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

— Mzee wangu, unajua nini?

— Nnaijua namba yake ya simu.

— Alhamdulillahi. Nipigie.

Akapiga, akaipitisha simu baina ya nondo. Na kwa kuwa simu ile haina siri, baraza zima liliyasikia mazungumzo ya wanawake wawili wanaojua wanachokitafuta. Skuli imesajiliwa? Imesajiliwa, Bibi, iliyobaki ni ukaguzi tu. Viti umelipia? Bado. Vizuri sana, usilipe, ukishalipa mimi nakuwa sina la kukusaidia. Cheti chako kipo? Kipo hapa ukutani. Kipige picha, nitumie. Maombi naweza kukufungulia leo kabla sijatoka. Na Nadir? Nadir niachie, mkewe jirani yangu, nampigia sasa hivi asubiri mpaka Jumatatu asubuhi. Ataninung'unikia, lakini atasubiri. Siwezi kukuahidi kwamba utasamehewa, mwanangu, hilo lina wakubwa wake. Lakini kusikilizwa utasikilizwa.

Faiza alishukuru mpaka sauti ikamkatika. Ayoub alisikia mwanawe analia kwa sababu mtu amempa majibu, na machozi yakamjia na yeye, akajifanya anatazama juu kwenye nyaya za umeme.

— Ila nikuulize, mwanangu, alisema Bi Ummukulthum akiwa keshaanza kuandika. Jambo lenyewe dogo hivi. Mbona umeliacha mpaka adhana inakaribia? Ungemtuma mtu tangu asubuhi.

— Nlimtuma, Bibi, ikasema simu. Nlimtuma baba. Alitoka kwangu hata watoto hawajafika.

Kalamu ikasimama. Bi Ummukulthum aliiteremsha simu kutoka sikioni. Alimtazama Ayoub, akalitazama baraza, kisha akautazama uchochoro uliokuwa baina yake na hilo baraza, ambapo paka mmoja alikuwa amejinyoosha na kuuziba karibu wote.

— Mzee wangu, akauliza, na kwa kweli alitaka kujua, ulipotelea wapi?

Ayoub akafungua mdomo. Nyuma yake walikaa watu ambao asubuhi ile walikuwa na jibu la meza, na la kiti, na la sabuni ya mwalimu mkuu. Simai aliivua kofia akaitazama ndani. Suhail alikinywa kikombe chake kitupu. Ahmada alianza kuosha vikombe alivyokwisha kuviosha.

— Baba? ikasema simu kutoka mkononi mwa Bi Ummukulthum. Baba, upo hapo?

— Nipo, mwanangu, alisema Ayoub, lakini swali halikuwa hilo, na baraza zima lilijua.